Mgeni Rasmi wa Kushindwa Kwetu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote iliyochapishwa, na msomaji atakayeona inafanana na nchi anayoijua, basi aulaumu ukali wa macho yake, asinilaumu mimi. Ilikuwa nchi yenye nidhamu. Nalisema hilo mapema kwa sababu vijana wa leo, waliozoea kuanza jambo kabla halijafunguliwa rasmi, huenda wakacheka mahali ambapo wazee wao walisimama wima.

Vita Vikuu vya dunia vilipokwisha, nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoshindwa. Jambo hili lilichukua muda kufahamika. Kwa miaka minne Redio ya Taifa ilitangaza ushindi kila siku, na kila ushindi ulipatikana mahali palipo karibu zaidi na nyumbani kuliko ule uliotangulia. Kwanza tulimshinda adui ng'ambo ya bahari, kisha mpakani, kisha kwenye kiwanda cha sukari, na hatimaye tukamshinda vibaya sana sokoni, mita mia mbili kutoka studio ya redio yenyewe. Siku iliyofuata mtangazaji alisema kwamba adui amenaswa kabisa ndani ya mji mkuu wetu na hana pa kutokea. Baada ya hapo redio ilinyamaza, kwa kuwa adui aliyenaswa alikuwa amekalia mitambo.

Mji mkuu ulibaki na ukuta mmoja uliosimama, na kwa bahati njema ukuta huo ndio uliokuwa na picha ya Jemadari wa Milele, mkono wake wa kulia umeinuliwa kuelekea siku zijazo. Wizara zote saba zilihamia kwenye ngazi ya lililokuwa jengo la Hazina, ngazi iliyopanda ghorofa mbili na kuishia hewani. Mawaziri waligawana vidato kwa kufuata ukubwa: Waziri Mkuu chini kabisa, mahali salama, na Waziri wa Hali ya Hewa juu kabisa, karibu na kazi yake. Wananchi walikula gundi ya kuunganishia vitabu, na Wizara ya Elimu ikatoa taarifa kwamba kwa mara ya kwanza katika historia vitabu vimewafikia watu wote.

*

Hapana budi nieleze desturi moja, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Katika nchi ile hakuna kitu kilichohesabiwa kuwa kipo mpaka mgeni rasmi awe amekizindua. Kisima cha Mtaa wa Bondeni kilijaa maji safi kwa miaka miwili, na watu wakaendelea kuchota maji ya mto wenye ruba, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa hajapata nafasi. Hospitali Kuu ilipokamilika, mwanamke mmoja alishikwa na uchungu akajifungulia mlangoni, akiwa ametenganishwa na wakunga kwa utepe mwembamba wa hariri. Wakunga walimpa maelekezo kwa sauti na kwa upendo mkubwa, lakini hakuna hata mmoja aliyeuvuka utepe. Mtoto alitoka mzima. Mwanamke huyo aliitwa Bi Mashavu, na mtoto akaitwa Hatibu.

Hata vita vyenyewe vilizinduliwa. Jemadari wa Milele alikata utepe uliofungwa katika daraja la mpakani, akafyatua risasi ya kwanza, akapigiwa makofi, akapewa zawadi ya kinyago cha twiga, kisha akaondoka kabla ya chakula kwa kuwa alikuwa na majukumu mengine. Wageni rasmi wote wa nchi ile walikuwa na majukumu mengine. Hakuna aliyewahi kuuliza ni yapi. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu.

Sasa msomaji atapima mwenyewe. Ikiwa vita vilifunguliwa na mgeni rasmi, vitafungwaje bila yeye?

*

Mjumbe wa washindi aliwasili siku ya Jumatatu. Aliitwa Meja Holvik, mtu mrefu, mwembamba, mwenye mafua yasiyopona, na ndani ya mkoba wake alibeba hati za kushindwa za mataifa matano aliyopaswa kuyapokea wiki ile. Lugha yetu alijifunza kambini kwa kusoma maelekezo yaliyobandikwa kwenye chupa za dawa, basi maneno yake yote yalikuwa amri. Alitaka sahihi moja, ya mtu mmoja anayeliwakilisha taifa, siku ya Alhamisi. Wafungwa wetu wa vita, mia sita na kumi na wanne, wangeletwa ukingo wa pili wa mto. Sahihi ikipatikana, wangevuka kwa pantoni na kurudi makwao. Lakini saa kumi kamili alasiri yeye angeondoka kwenda kuipokea nchi nyingine, na kama sahihi haijapatikana, wafungwa wangepelekwa kaskazini kung'oa mabomu yaliyozikwa mashambani, kazi ya miaka miwili kwa yule atakayesalia hai.

"Tia sahihi mara moja," alisema. "Usizidishe kipimo."

Aliyempokea alikuwa Mkuu wa Itifaki ya Taifa, Mheshimiwa Sadala Mwinyipembe. Huyu alikuwa ameandaa sherehe elfu moja na mia mbili katika miaka thelathini ya utumishi, na hakuna hata moja iliyoanza kwa wakati, rekodi ambayo hakuna nchi jirani iliyoikaribia. Alimsikiliza Meja mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Meja," alisema, "sisi hatushindwi kienyeji."

Papo hapo iliundwa Kamati ya Taifa ya Maandalizi, nayo ikazaa kamati ndogo kumi na nne. Kamati Ndogo ya Sare ilikusanya mapazia meusi yaliyotumika kuficha taa zisionekane na ndege za adui, ikayashona kuwa majoho, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze taifa zima lilivaa vizuri. Kamati Ndogo ya Mabango ilikaa siku mbili ikijadili neno la kutumia, kwa kuwa neno lenyewe halikuwahi kuandikwa kwenye bango lolote la serikali. Hatimaye bango lilitoka limeandikwa: KARIBUNI KATIKA SHEREHE ZA KUKAMILISHA USHINDI KWA UPANDE WA PILI. Kamati Ndogo ya Viti ilifanya msako nyumba kwa nyumba, au tuseme kifusi kwa kifusi, ikagundua kwamba mji mzima umebakiwa na kiti kimoja. Kilipakwa rangi ya dhahabu, kikawekwa kwa ajili ya mgeni rasmi, na kamati ikapongezwa kwa kumaliza kazi bila mabishano juu ya nani akae wapi.

Katika Kamati Ndogo ya Viburudisho aliteuliwa Bi Mashavu. Alikuwa mfagizi wa ile ngazi ya wizara, na sifa yake katika viburudisho ni kwamba alikuwa na birika. Walimpa kazi mbili: kumpa mgeni rasmi maji, na kukifuta kiti kila robo saa. Alizikubali zote mbili bila kuuliza posho. Hatibu wake alikuwa miongoni mwa wale mia sita na kumi na wanne.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi watu elfu tatu, yaani wote waliobaki, walikuwa wameketi juu ya matofali ya Uwanja wa Ushindi, kando ya mto, ndani ya majoho meusi, chini ya jua lisilo na huruma. Hakuna aliyenung'unika. Ng'ambo, umbali wa kurusha jiwe, wafungwa walisimamishwa mistari minne. Bi Mashavu hakuhitaji miwani. Mwanawe alikuwa na tabia, tangu utotoni, ya kusimama kwa mguu mmoja kama korongo kila anapokuwa na njaa, na katika mstari wa pili palikuwa na korongo mrefu mwenye bendeji kichwani.

Alishuka mpaka kwenye maji akamwita. Hatibu alipomwona alishusha mguu.

"Umekonda," mama alimwambia.

"Na wewe pia, Mama."

"Mimi nina birika. Simama hapo hapo, tutawachukua leo."

Wafungwa waliokuwa karibu walicheka, na mmoja akamwuliza Hatibu kama birika hilo lina hadhi ya ubalozi. Mlinzi akawanyamazisha. Bi Mashavu akarudi kukifuta kiti.

Ratiba ya siku ile ilikuwa na vipengele arobaini na moja. Cha sita kilikuwa kuwasili kwa mgeni rasmi, na utiaji wa sahihi ulikuwa cha thelathini na nane, baada ya zawadi kwa wafanyakazi bora na kabla ya neno la shukrani. Vipengele vitano vya mwanzo vilipita kwa ufanisi. Utambulisho pekee ulichukua saa moja na nusu, kwa kuwa waliohudhuria wote walikuwa waalikwa. Kila aliyetajwa alisimama, akapunga mkono, akawatambulisha aliofuatana nao, nao wakasimama wakawatambulisha wenzao, hata ndugu wa tumbo moja wakatambulishwa na kupeana mikono kwa heshima. Wazee wawili waliokuwa wamegombania mpaka wa shamba kwa miaka ishirini walitambulishwa bila kukusudia, na ikabidi watabasamu.

Kisha tukafika kipengele cha sita, tukabaki hapo.

Saa nne, koplo mmoja mwenye baiskeli isiyo na matairi alileta habari kwamba mgeni rasmi ameshavaa. Saa tano alileta habari kwamba ametoka. Saa sita, kwamba yuko njiani. Mheshimiwa Mwinyipembe alizitangaza kwa kipaza sauti, moja baada ya nyingine, kwa sauti iliyozidi kuwa ya furaha kadiri habari zilivyozidi kuwa chache. Kwaya ya Wizara ya Kilimo iliimba wimbo wake mara tisa. Shule ya msingi ilighani ngonjera yenye kichwa "Kushindwa ni Hatua", ambapo upande mmoja wa watoto uliuliza ni hatua ya kwenda wapi, na upande wa pili, ambao mwalimu wao alikuwa hajamaliza kuandika, ukainama kwa adabu. Meja Holvik alikuwa amekaa juu ya mkoba wake, akipiga chafya na kutazama saa.

Ukweli ambao koplo hakuwa nao ni huu: hakuna aliyemwona Jemadari wa Milele, mgeni rasmi mwenyewe, kwa majuma mawili. Koplo alikuwa akiendesha baiskeli mpaka nyuma ya ule ukuta wenye picha, anapumzika kivulini, kisha anarudi. Alinieleza baadaye kwamba hakusema uongo. Alipewa kazi ya kuleta habari, na habari nyingine hazikuwepo.

*

Saa nane na nusu Bi Mashavu alishuka mtoni kujaza birika, maana mgeni asiyefika huandaliwa maji ya baridi zaidi kuliko aliyefika. Hatibu alimwita.

"Mama, nyuma yangu kuna mpishi mmoja anasema huko kwenu hakuna kitakachoanza bila yeye."

"Kila mpishi husema hivyo."

"Anasema yeye ni Jemadari."

Bi Mashavu aliinua macho. Nyuma ya mwanawe alisimama mzee mnene mwenye aproni iliyotapakaa masizi. Alikuwa amechoka, naye kwa kuchoka alisahau kujilinda, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukiinuka wenyewe polepole kuelekea siku zijazo.

Baadaye tulipata mkasa wote. Jemadari alikuwa ametorokea mpaka wa kusini akiwa amejifanya mpishi wa jeshi, akakamatwa, akaagizwa kuchemsha maji, akaomba aonyeshwe namna yake. Washindi wakamwandika katika orodha yao, namba mia sita na kumi na nne: mpishi asiyejua kupika. Hawakumshuku zaidi ya hapo, kwa kuwa jeshi lao pia lilikuwa nao wengi wa aina hiyo.

Bi Mashavu alipanda mbio na birika lake akamwarifu Mheshimiwa Mwinyipembe. Mheshimiwa aliazima darubini, akatazama, na visigino vyake vikagongana vyenyewe.

"Nilisema yuko njiani," alisema, na machozi ya fahari yakamtoka. "Miaka thelathini, Bi Mashavu, na sijawahi kulidanganya taifa."

Alimwendea Meja Holvik akamwomba, kwa lugha ya kidiplomasia, mfungwa mmoja tu atangulie kuvuka, yule mwenye aproni, ili sherehe iendelee. Meja alifungua orodha, akashuka nayo kwa kidole mpaka chini.

"Jemadari hayumo," alisema. "Yumo mpishi. Mpishi asivuke kabla ya sahihi."

Mheshimiwa akaeleza kwamba sahihi haiwezi kutangulia kuwasili kwa mgeni rasmi. Meja akaeleza kwamba mfungwa hawezi kutangulia sahihi. Mheshimiwa akaeleza tena, kwa mifano. Meja naye akaeleza tena, kwa chafya. Wote wawili walikuwa watumishi waaminifu wa serikali zao, kila mmoja akiwa na karatasi inayomthibitisha, na wangeweza kuendelea hivyo mpaka vita vingine, kwa kuwa hapakuwa na kosa hata moja katika hoja za upande wowote. Katikati yao mto ulipita, na ng'ambo ya mto Hatibu aliinua mguu wake mmoja tena.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Madereva wa malori ya wafungwa walianza kuwasha injini.

*

Mheshimiwa Mwinyipembe alikuwa mtu wa uamuzi. Alichukua kipaza sauti, akakipuliza mara mbili, akajiandaa kutangaza kwamba sherehe zimeahirishwa hadi Jumamosi ijayo, muda uleule, watu waje na majoho yao. Bi Mashavu akamshika mkono, jambo ambalo mfagizi hakuwahi kulifanya katika ngazi yoyote ya serikali ile.

"Mheshimiwa, kijana wangu yuko pale. Tia sahihi wewe."

"Bi Mashavu, mama yangu, mimi ni mwandaaji. Mwandaaji akitia sahihi, taifa litakuwa limeshindwa bila kuzinduliwa. Wajukuu zetu watauliza tulishindwa lini, na hatutakuwa na picha ya kuwaonyesha."

"Wajukuu watatoka wapi, hao wakienda kwenye mabomu?"

Mheshimiwa alitafuta kipengele cha kujibia swali hilo. Alitazama ratiba, akaigeuza upande wa nyuma, akaigeuza tena.

"Na kile kiti," akauliza Bi Mashavu, "akikikalia mtu asiye mgeni rasmi?"

"Haiwezekani. Katika miaka thelathini hakuna asiye mgeni rasmi aliyewahi kukikalia."

Bi Mashavu akaenda penye kiti. Alikifuta kwanza, kwa kuwa robo saa ilikuwa imefika. Kisha akaweka birika chini, akatandaza joho lake, akaketi.

Naomba msomaji anielewe ninaposema kwamba yaliyofuata hayakuamuliwa na mtu yeyote. Mkuu wa bendi alikuwa amekikodolea macho kiti kile tangu saa mbili asubuhi, fimbo imeinuliwa, mkono umekufa ganzi. Alipoona kimekaliwa, mkono ulishuka wenyewe na bendi ikapiga wimbo wa taifa. Wimbo uliposikika, watu elfu tatu waliinuka. Walipoinuka, walinzi walipiga saluti. Saluti ilipopigwa, mizinga ilitakiwa kulia mara ishirini na moja, na kwa kuwa mizinga ilikuwa imetekwa, wanajeshi ishirini na mmoja wa akiba walisema "bu" kwa zamu, kwa ukakamavu, kama walivyofanya mazoezi. Ng'ambo ya mto yule mpishi alisikia wimbo wake, akapiga hatua mbili mbele kupokea heshima, akarudishwa mstarini kwa kitako cha bunduki. Na kinywa cha Mheshimiwa Mwinyipembe, ambacho kwa miaka thelathini hakikuwahi kungoja ruhusa ya mwenyewe, kilikuwa tayari kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa Mgeni Rasmi," kilisema, "tunayo furaha isiyo kifani."

Wimbo ulipokwisha ndipo akili yake ilipomfikia. Aliinama sikioni kwa Bi Mashavu akimwambia aondoke upesi, lakini alisema hivyo huku akitabasamu meno yote, kwa sababu mbele ya mgeni rasmi hutabasamiwa, na wananchi wakaona anamkaribisha wakapiga makofi.

"Tuko kipengele gani?" aliuliza Bi Mashavu.

"Cha sita kimepita. Kinachofuata ni mgeni rasmi kukagua mabanda ya maonyesho."

"Sahihi ni cha ngapi?"

"Cha thelathini na nane. Bi Mashavu, nakusihi."

Bi Mashavu aliyatazama malori ng'ambo. La kwanza lilikuwa linageuka.

"Nina majukumu mengine," alisema.

Kipaza sauti kilikuwa karibu na uwanja mzima ulimsikia. Pakapita mnong'ono wa kuridhika, kutoka mstari wa mbele mpaka kwenye vifusi vya nyuma. Hata wale waliokuwa wakimjua tangu akiwa na ufagio, na ambao dakika moja kabla walikuwa na shaka, sasa hawakuwa nayo tena. Huyu alikuwa mgeni rasmi kweli. Mheshimiwa naye hakuwahi hata mara moja kulikataa neno hilo, kwa kuwa halikuwa na jibu lililoandikwa. Akatangaza kwamba, kwa ridhaa ya wananchi na kutokana na majukumu ya mgeni wetu, vipengele thelathini na kimoja vimesogezwa mbele.

*

Meza ililetwa, yaani mlango uliolazwa juu ya matofali. Kalamu ya dhahabu ya kutilia sahihi ilikuwa ndani ya kisanduku, na ufunguo wa kisanduku, kwa usalama, alikuwa amekabidhiwa mgeni rasmi, namaanisha yule mwingine. Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na tatu. Bi Mashavu hakupoteza hata moja. Alilipindua birika, akasugua kidole gumba kwenye masizi ya chini yake, akakiinua.

Meja Holvik alikichunguza kidole kile kwa makini.

"Kwa matumizi ya nje tu," aliamua, akamfungulia hati. "Jina."

"Mashavu binti Ngwali."

"Cheo."

Mawaziri saba walikuwa wakimtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao kila mmoja alitamani cheo kile kisiwe chake.

"Mama Hatibu," alisema.

Meja aliandika hivyo, kwa herufi kubwa, mahali palipoachwa kwa ajili ya mkuu wa taifa lililoshindwa. Kidole kikagandamizwa. Lakini kabla ya bendera ya ruhusa kupungwa kwa walinzi wa ng'ambo, Mheshimiwa Mwinyipembe alikumbusha, kwa sauti ya kuomba, kwamba kitendo bila hotuba si kamili. Bi Mashavu alisimama. Hotuba fupi kuliko zote katika kumbukumbu za nchi ile ilikuwa ya saa mbili na robo, wakati wa kuzindua kituo cha zimamoto, siku kilipoungua.

"Tumeshindwa," alisema. "Leteni watoto."

Watu walingoja sehemu iliyobaki. Walipoona haiji, mzee mmoja wa nyuma alianza kupiga makofi, kisha mwingine, na makofi yale, Mheshimiwa alikiri mwenyewe, hayakuwa yamepangwa na kamati yoyote.

Bendera ilipungwa saa tisa na dakika hamsini na tisa. Meja Holvik alifunga mkoba, akampa Bi Mashavu mkono, akapiga chafya, akaenda kuipokea nchi ya jirani, ambako inasemekana alikuta wameandaa gwaride.

*

Pantoni ya kwanza ilivuka na watu hamsini. Hatibu alikuwemo, kwa kuwa aliruka kabla haijafungwa vizuri, na yule mpishi alikuwemo pia, kwa kuwa aliwasukuma wengine. Hatibu alipokanyaga ukingo wetu, mama yake aliinuka kutoka kwenye kiti. Hakukimbia. Alitembea mpaka majini, akaigusa ile bendeji, akaitazama chini yake kuona kama kidonda ni cha kweli, akamkabidhi birika alibebe, wakageuka kwenda nyumbani.

Sasa, katika nchi ile, mgeni rasmi anapoondoka wote husimama, na akishaupita mstari wa mwisho sherehe imekwisha na kila mtu ana ruhusa. Hiyo ni sheria, si hisani. Basi watu elfu tatu walisimama, na waliposimama walianza kushuka mtoni kuwachukua walio wao, pantoni baada ya pantoni, wakiitana majina. Bendi, kwa mujibu wa kipengele cha arobaini, ilijipanga nyuma ya Bi Mashavu kumsindikiza kwa matarumbeta. Yeye aliwaambia waende kwao, lakini hawakusikia kwa sababu ya matarumbeta.

Nyuma yetu Jemadari wa Milele alikuwa amekifikia kiti. Alikuta hakina mtu, akaona ni jambo la kawaida, akaketi. Kutoka ndani ya bitana ya aproni alichomoa hotuba ya kurasa sitini aliyoivusha mipaka miwili. Mheshimiwa Mwinyipembe alisimama kando yake kwa muda, akimtazama yeye, kisha akitutazama sisi tunavyotokomea. Mtu mwenye nidhamu kuliko wote niliowahi kuwajua, naye hakujua asimame upande gani. Mwishowe alikiegemeza kipaza sauti kwenye matofali mbele ya kiti, akainama kama inavyotakiwa, akavua joho lake, akaanza kutembea kutufuata.

Tulikuwa tumefika penye kile kisima cha Bondeni sauti ilipotujia, kubwa, ikigonga kwenye ule ukuta mmoja na kurudi.

"Ndugu wananchi."

Hatibu alilelewa vizuri. Alisimama, akaanza kugeuka. Bi Mashavu akamshika kiwiko.

"Tembea," alimwambia.